Kitovu cha Ngala na Nyika ya Waingereza

Zuhura, Nelly, na nyote wa bweni la juu: tangu shule ifunguliwe mmenishika kama polisi. Ati Ulaya kukoje, ati mbona umerudi kimya kuliko ulivyoondoka. Mnanijua. Mbele ya watu watatu ulimi wangu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kwa hiyo nimeketi na daftari langu la safari nikawaandikia. Mpokezane, lakini msisome kwa sauti nikiwepo.

Ya tikiti na pasipoti sielezi, yanachosha. Jueni tu kwamba nauli ilitoka kwa dada yangu Sidi na mumewe Charo, wanaokaa Birmingham. Dada ni nesi huko. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Ngala, akataka msaidizi kwa likizo nzima ya Desemba. Hayo mliyajua. Ambalo hamkulijua ni neno alilonituma mama.

Kaloleni hadi Mombasa

Kwetu kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa kwenye shina la mnazi mchanga, na mnazi ule ni wake maisha yote. Changu kiko nyuma ya jikoni. Cha Sidi kiko karibu na njia, ndiyo maana watoto wa jirani huiba madafu yake, na mama huwafukuza akisema wanamwibia binti yake aliye mbali.

Siku ya kuondoka mama alinisindikiza hadi kituo cha basi amebeba kapu: papa mkavu, nazi mbili, unga wa muhogo. Basi lilipokuja alinishika mkono nikiwa na mguu mmoja ngazini.

"Kadzo, utarudi na kitovu cha mtoto. Ufunge kwenye pindo la leso, usimwachie mtu. Kikizikwa uani kwa watu, mtoto atakuwa wa ua ule, na Sidi atabaki huko kumfuata. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utamwambia nini?"

"Mama anataka kitovu."

"Sema kwa sauti. Ukimwambia hivyo hata paka hasikii."

"Mama anataka kitovu."

Basi zima likageuka. Kondakta akasema, "Tumesikia, mama, sasa mwachie mtoto apande." Mama hakucheka. Alikuwa hajamwona Sidi kwa miaka minne, na mjukuu huyu hajamwona kabisa. Nilikaa dirishani na kapu langu la papa, na mpaka Mombasa kila aliyepanda aliuliza ni nani aliyebeba shombo.

Mombasa hadi Nairobi

Treni ilisimama Mtito Andei alfajiri, na ikasimama kwelikweli. Behewa la mizigo mbele yetu lilikuwa limeharibika. Tulikaa saa tano. Niliyekaa naye alikuwa mama mfanyabiashara wa viazi, mnene, mcheshi, aliyenigawia mayai ya kuchemsha na kuniuliza mambo ambayo hata mwalimu mkuu hajawahi kuniuliza.

Nje kulikuwa na nyika mpaka macho yanachoka. Miiba ya kijivu, udongo mwekundu, nyasi kavu, na mvulana mmoja mbali sana na mbuzi wake.

"Hapa Mungu alichoka," yule mama akasema. "Hakuna kitu hapo."

"Kuna mbuzi," nikasema.

"Kumbe unazungumza," akasema, akanipa yai lingine.

Hapo nilikukumbuka wewe, Zuhura. Ukitaka kunichokoza huniita Mnyika, kama watu wa mjini walivyowaita mababu zetu: watu wa porini, wasiojua kitu. Sikasiriki, maana unaponiita hivyo huwa umeshakula nusu ya mkate wangu. Na nilikumbuka kipindi kile cha Kiingereza, msafiri wa kwenye hadithi alipopotea kwenye heath, nasi hatukujua heath ni kitu gani. Kamusi ikasema ni ardhi wazi, isiyolimwa, yenye vichaka. Nelly akasema basi ni kiwanja cha mpira cha wavulana. Kisha mkaona anwani ya dada yangu imeandikwa Small Heath, mkaniagiza nikaitazame nije niwaambie. Basi nilikuwa na maagizo mawili: kitovu na heath. Sikujua kwamba yatakutana.

Nairobi hadi London

Nilipewa kiti kando ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa anarudi chuoni Leeds. Chakula kilipokuja kilikuwa na kipande cha jibini kama sabuni ya kufulia. Nilikitazama. Akasema, "Dada, kama huna haja nacho, mimi ninacho." Akala changu na chake.

London kulikuwa na ukungu, ndege ikashushwa Paris. Nimefika Ufaransa, ndiyo, na nilichokiona ni benchi la kijani na mwanamke aliyekuwa akipiga deki. Tulikaa pale mpaka mchana.

London, ofisa wa forodha alifungua kapu langu. Vitu vilikuwa vimefungwa kwa magazeti; akafungua la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika kwa papa alirudi nyuma hatua moja akamwita mwenzake.

"Hiki nini?"

"Papa."

Niliwaambia kwa Kiingereza, bila shaka. Wakatazamana.

"Nani alimvua?"

Nilitaka kusema mama alimnunua sokoni kutoka kwa mtu anayetoka Takaungu. Maneno yalikuwa mengi mno. Nikasema, "Mama yangu."

Yule ofisa akanitazama kwa heshima, akamfunga papa taratibu kama anavyofungwa mtoto, akasema nimsalimie mama.

Small Heath

Shemeji Charo alinipokea kwenye basi kutoka London, akanivisha koti lake palepale kituoni. Yeye hufanya kazi Hockley, kwenye karakana ndogo inayotengeneza vifungo vya mikufu. Vidole vyake vina makovu madogomadogo, na huzungumza polepole kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka.

Sasa heath yenyewe. Zuhura, hakuna. Kuna nyumba za matofali mekundu zilizoshikana mabega, mtaa baada ya mtaa, na moshi, na mabasi. Siku ya kwanza nilichungulia kila dirisha. Kisha nikaona basi limeandikwa King's Heath, nikamwambia dada labda ndogo imejengwa lakini ya mfalme imebaki. Dada akacheka mpaka akashika tumbo, ila Jumamosi tukalipanda. King's Heath kuna duka la viatu, duka la nyama, na mtu anayeuza maua. Balsall Heath vilevile. Tulirudi tumeganda, na dada alikuwa amenyamaza kuliko nilivyotarajia. Nilidhani amechoka.

Chumba chao kiko juu, kwenye nyumba ya Mama Jeet. Huyu ni Singasinga wa Mombasa, aliyekuja Uingereza pamoja na Wahindi wengine wengi waliotoka Kenya miaka ile. Siku ya kwanza alinitazama ninavyoinamisha kichwa.

"Wewe toto, mbona hapana sema? Hapa hapana kanisa. Kula chapati."

Na mimi nilikula. Chapati zake, maharagwe ya dada, papa wa mama na wali wa nazi. Jioni ile nyumba nzima ilinuka Kaloleni, na Mama Jeet alisimama mlangoni amefumba macho, akisema harufu hii ameiacha Makupa.

Ngala ana masikio ya baba yetu. Analala amekunja ngumi kama mtu aliyepewa nauli asiipoteze. Nilimpenda vibaya. Kila nilipomwogesha niliona tumbo lake safi, kitovu kimekwisha kukatika, nikajua napaswa kusema. Sikusema. Siku ya tatu sikusema, wiki ya pili sikusema. Daftari langu limejaa sentensi moja: kesho nitamwambia.

Kisha yeye akasema kwanza. Tulikuwa tunakunja nepi. Alitoa mkebe wa poda juu ya kabati, akaufungua. Kilikuwa mle ndani, kwenye pamba, kidogo kama karafuu.

"Nimekaa nacho mwezi mzima," akasema. "Nataka kukizika hapa, kwa sababu hapa ndipo alipozaliwa, na sijui tutarudi lini. Lakini wapi? Nyuma ni sementi na mapipa ya taka. Tena ni kwa Mama Jeet. Mwaka ujao tunahama. Nimwache mwanangu chini ya pipa la mtu? Nilikuwa nikiona haya majina kwenye mabasi, nikafikiri lazima ipo nyika mahali fulani, isiyo ya mtu."

Ndipo nilipoelewa kwa nini alikubali kupanda basi la King's Heath akiwa na kichanga kwenye baridi ile.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilikunja nepi moja mara nne.

Mama Jeet alikuwa ameingia na chai, akasikia. "Kitovu yangu mimi, yaya alizika Makupa, chini ya mgomba," akasema. "Mimi nalikaa pale miaka arobaini. Sasa tazama mimi iko wapi." Akaweka kikombe, akatoka.

Kwa Bibi Edna

Jirani wa upande wa kushoto ni Bibi Edna, mzee mwembamba anayevaa kofia hata jikoni. Dada alinituma kwake kurudisha sahani, na kwa kuwa sikuwa na la kuzungumza, nilimuuliza heath ni nini. Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza mtu Birmingham. Alifurahi sana. Akanikalisha, akanipa keki iliyokauka.

Akasema babu yake alikuwa akisimulia jinsi mahali hapa palivyokuwa wazi. Asiye na shamba alileta ng'ombe wake mmoja au mabata bukini wake, akakata vichaka vya miiba vya kuwashia tanuri la mkate. Udongo ulikuwa mbaya, hata matajiri hawakuutaka. Kisha viwanda vikaja, wakautaka. Wakazungusha ua, wakajenga. "Mahali palikwenda, jina likabaki," akasema.

Halafu akanisimulia jambo bila kujua ananisimulia mimi. Alipokuwa mdogo, kanisani kwao wasichana walifuma fulana za sufu kwa ajili ya heathen, yaani makafiri wa Afrika. Mchungaji akawaeleza kwamba heathen maana yake ni mtu wa heath, mtu wa huko nje porini ambako dini ilichelewa kufika. "Na sisi sote tulikaa Small Heath," Bibi Edna akasema. "Nikamwuliza mchungaji, basi sisi ni nani? Nikasimamishwa pembeni."

Zuhura, ni Mnyika. Ni neno lilelile, na dharau ileile, wamelishona kwa kitambaa kingine.

"Sijui kama fulana zilifika," akasema.

"Zilifika," nikamwambia. "Bibi yangu alipewa moja na misheni. Kwetu ni joto. Alimvalisha mbuzi aliyekuwa na homa."

Alinitazama, nikaogopa nimemkosea. "Mbuzi alipona?"

"Alipona."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nilipokuwa naondoka akaniambia heath ya kweli ingalipo moja, Sutton, kwenye mbuga kubwa ya watu wote. Ng'ombe hulishwa mpaka leo. Akanichorea mabasi mgongoni mwa bahasha.

Perry Barr hadi Sutton

Tulikwenda Jumapili, dada, mimi na Ngala mgongoni mwake kwa leso chini ya koti, mpaka watu wakadhani dada ana kibyongo. Charo alikuwa na homa, alibaki. Mkebe wa poda ulikuwa mfukoni mwa dada, kijiko cha kupakulia wali mfukoni mwangu. Basi la kwanza lilitushusha mjini. La pili likaharibika Perry Barr, na tulisimama kwenye upepo dakika arobaini pamoja na mwanamke aliyekuwa akimlisha mbwa wake biskuti. Alichungulia ndani ya koti la dada, akaona uso wa Ngala, akampa naye biskuti.

Kutoka mwisho wa basi tulitembea. Nyumba ziliisha. Kisha, jamani, ilikuwa mbele yetu.

Sikujua Uingereza ina mahali pa namna hii. Mimea mifupi, migumu, ya kahawia, kama mifagio iliyopandwa kichwa chini. Vichaka vya miiba virefu kama mtu, na juu yake maua machache ya manjano, katika baridi ile. Nyasi kavu. Hapana uzio, hapana mstari, hapana mtu. Dada alikwenda mbele, akasimama, akagusa kitu kwa ncha ya kiatu. Kilikuwa kinyesi kikavu cha ng'ombe.

"Kadzo," akasema, "ng'ombe." Kama mtu aliyekutana na ndugu.

Tukachagua kichaka kimoja cha miiba. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kijiko. Udongo ulikuwa mgumu kwa baridi, kijiko kikapinda. Na nilipoona shimo limekuwa shimo nikajua hakuna kesho tena.

"Dada, mama anataka kitovu."

Hakusikia vizuri. "Nini?"

Nikasema kama nilivyosema kwenye ngazi ya basi, kwa sauti. Ndege mmoja akaruka.

Dada aliketi chini kabisa, kwenye baridi. "Tangu lini?"

"Tangu Kaloleni."

"Wiki tano, Kadzo. Umekula, umelala, umenisikia nikihangaika na mabasi, na neno la mama liko mdomoni kama pipi."

Nililia kidogo, yeye akalia kidogo, Ngala akalala tu.

"Anaogopa nini hasa?" akauliza baadaye.

"Kisizikwe uani kwa watu. Ati mtoto atakuwa wa ua ule."

Akakwangua udongo kwenye kijiko. "Na mimi naogopa hilohilo," akasema. "Sasa nikikupa uende nacho, nitaona kama nimempeleka mwanangu nusu. Nisipokupa, nimemkataa mama. Wewe ungefanyaje?"

Mjue, katika nyumba yetu mimi ni wa mwisho. Huwa natumwa, siulizwi. Nilitazama ile miiba, na kile kinyesi, na ukimya wote ule. Nilimfikiria mama akifukuza watoto kwenye mnazi wa Sidi. Kisha nikasema, "Zika hapa. Mama nitamwambia mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Ndipo mlinzi wa mbuga alipotokea, mzee mwenye buti na baiskeli. Alitazama kijiko, shimo na macho yetu mekundu. Tulijua tumekwisha. Lakini akavua kofia.

"Alikuwa ndege?" akauliza kwa upole. "Au sungura?"

Waingereza huzika wanyama wao, Nelly, na huwalilia. Dada akanitazama, mimi nikatazama chini. Dada akasema, "Ndege."

Mzee akasema pale mbwa watafukua, akatuonyesha mahali pazuri zaidi, juu kidogo, kati ya vichaka viwili vilivyoshikana. Akatoa jembe dogo kwenye baiskeli, akachimba yeye mwenyewe shimo la kutosha. Dada akaweka ile pamba, akafukia kwa mkono.

"Jina lake nani?" mzee akauliza.

"Ngala," dada akasema kabla hajafikiri.

Mzee akainamisha kichwa. "Basi, kwaheri, Ngala."

Dada aliruka kama ameungua. "Hapana. Si kwaheri. Sema tutaonana."

Yule mzee hakuelewa, lakini alikuwa mtu mwema. "Tutaonana, Ngala," akasema. Na ndani ya koti Ngala akapiga chafya, mzee akageuka huku na huku akitafuta ilikotoka. Tulicheka njia nzima mpaka Perry Barr.

Kurudi Kaloleni

Safari ya kurudi haikuwa na ukungu wala behewa bovu. Ningependa ingekuwa nayo. Nilifika kwetu mapema kuliko nilivyotaka.

Mama alikuwa kituoni. Kabla ya salamu alishika leso yangu, akapapasa pindo la kwanza, la pili, la tatu, la nne.

"Kiko wapi?"

Kondakta alikuwa akishusha mizigo, watu wamejaa. Nilisema yote palepale kwa sauti: kimezikwa huko, si uani kwa mtu, ni mahali pa malisho, na ni mimi niliyesema kizikwe. Mama alichukua kapu langu, akaweka kichwani, akatangulia. Siku mbili hakunisemesha ila kwa kazi. Leta maji. Funga mbuzi. Nilichota maji mpaka mtungi ukamwagika.

Siku ya tatu alikuwa akikuna nazi. Bila kuinua uso akauliza, "Hiyo nyika yao ina nini?"

"Miiba. Ina maua ya manjano wakati wa baridi."

"Ng'ombe?"

"Tuliona kinyesi."

"Ina mwenyewe?"

"Haina mwenyewe mmoja. Asiye na shamba alikuwa akilisha hapo. Hawajaijenga."

Akakuna nazi yote, akachukua ya pili, akakuna nusu. "Nani alichimba?"

"Mzee mmoja mlinzi. Alivua kofia."

"Alivua kofia," mama akarudia. Akapangusa mikono. "Lete karatasi."

Mama hajui kuandika, barua za Sidi huwa anazisema mimi nikiandika. Alianza kwa salamu, akataja mbuzi waliozaa, akataja mvua. Kisha akasema: mwambie mtoto akianza kutembea wampeleke pale wamwonyeshe, asije akaambiwa na watu kwamba hana pake. Niliandika. Mwambie wasimpeleke bila sweta. Niliandika.

Nikadhani amemaliza, nikaanza kukunja.

"Bado," akasema. "Andika: na mimi nikija, mnipeleke nikapaone."

Nilisimamisha kalamu. Huyu ni mama ambaye hajawahi kupita Mombasa, na Mombasa yenyewe hulala usiku mmoja tu, akilalamikia maji.

"Mama, uje wapi?"

"Wewe andika," akasema.